Sentimita tatu za kushusha gari zinatoka wapi

Gari lililoshushwa vizuri hulitambui likiwa limeegeshwa. Pale Kabwe au Mafiati, hapa Mbeya, Altezza iliyokatwa springi na Altezza iliyofungwa springi fupi za kiwanda zinafanana kabisa: tairi limejaa kwenye fenda, bodi imelala, vijana wanapiga picha. Tofauti inajitokeza kwenye tuta la kwanza ukielekea Uyole. Lile la springi za kiwanda linazama, linarudi, linatulia. Lile la springi zilizokatwa linagota, linaruka, na abiria wa nyuma wanashika viti.

Naandika haya kwa sababu napenda magari haya na napenda barabara zetu. Sijui ukanda mwingine wa nchi hii wenye kona tamu kama za kwetu: Kitonga kabla ya Ilula, Mlima Nyoka, mteremko wa Isyonje kwenda Tukuyu, na ile lami ya Mbeya–Chunya inayopanda juu ya mita 2,400 kabla ya kuanza kushuka. Sedani ya michezo iliyotulia inafurahia hapo. Lakini ukanda huohuo una matuta kila kijiji kutoka Igawa hadi Mbalizi, una rasta (vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo), una mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori yaendayo Tunduma, na ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umetuzoesha michepuko ya vumbi na mawe. Kushusha gari hapa kunahitaji hesabu, na hesabu yenyewe siyo ngumu. Ninachotaka uelewe ni kimoja: unaposhusha gari kwa sentimita tatu, unazitoa kwenye nafasi ambayo tairi hutumia kupanda linapokutana na tuta. Mambo mengine yote, ugumu wa springi, shokapu, alaimenti (kupanga pembe za matairi), yanafuata kutoka hapo.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Kona moja ya mbele ya gari, yaani upande wa tairi moja, inabeba kilo 300. Springi ya asili ina ugumu wa kilo 3 kwa kila milimita, kipimo ambacho wauzaji wa Japani huandika kwenye boksi kama kgf/mm. Maana yake gari likisimama, springi imejibana milimita 100. Tuseme springi hiyo ikiwa huru ina urefu wa milimita 350. Basi chini ya gari ina 250. Kutoka hapo hadi shokapu igote kwenye mpira wake wa ndani kuna milimita 80. Hiyo ndiyo akiba yako ya tuta. Na ukiinua gari kwa jeki mpaka tairi lining'inie, shokapu inafunguka milimita 80 kwenda upande wa pili, springi inakuwa na urefu wa 330, bado imejibana milimita 20. Inakaa imara kwenye kiti chake, haichezi.

Sasa ukifunga springi ngumu zaidi, ya kilo 4 kwa milimita, yenye urefu uleule wa 350, gari halishuki. Linapanda! Springi hiyo itajibana milimita 75 tu chini ya kilo 300, kwa hiyo gari linakwenda juu kwa milimita 25. Ili likae chini kwa milimita 30 kuliko mwanzo, springi mpya lazima iwe na urefu wa 295 ikiwa huru, yaani fupi kwa milimita 55. Wengi wanaoagiza springi mtandaoni hawafikirii hilo. Wanadhani springi fupi kwa sentimita tatu ndiyo inayoshusha gari sentimita tatu.

Angalia kilichotokea kwenye akiba. Zile milimita 80 zimebaki 50. Kwa springi ya asili, tuta lilihitaji kusukuma kwa nguvu ya kilo 240 zaidi ya uzito wa kawaida ndipo shokapu igote. Kwa springi mpya, ngumu kwa theluthi nzima, inatosha nguvu ya kilo 200. Gari limekuwa gumu zaidi na bado linagota mapema zaidi. Ili urudishe zile kilo 240 ungehitaji springi ya kilo 4.8, na hapo mgongo wako utaanza kulalamika kabla hujafika Makambako. Ndiyo maana kila milimita unayoongeza ya kushusha inagharimu zaidi kuliko iliyotangulia. Milimita 20 hadi 25 ndiyo kiwango ninachokipendekeza kwa gari linalotumika kila siku katika mikoa yetu. Thelathini ni ya mtu asiyetoka kwenye lami. Hamsini iache kwa magari ya maonyesho.

Halafu kuna mzigo. Familia ya watu watano inakwenda Tukuyu msibani, inarudi na viazi na mikungu ya ndizi kwenye buti. Ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 200, mia kwa kila upande. Kwa springi ya nyuma ya kilo 2.5, gari linazama milimita 40; kama akiba ilikuwa 80, umebaki na 40. Lishushe gari hilohilo kwa milimita 30 na ulifungie springi ya kilo 3.3: mzigo utalizamisha milimita 30, na kwenye akiba ya 50 umebaki na 20. Sentimita mbili, usiku, na tuta lisilo na rangi mbele yako. Mtu anayebeba watu na mizigo kila wiki ajiulize mara mbili.

Faida yake basi ni nini? Wengi husema kushusha kitovu cha uzito. Ni kweli, ila faida hiyo ni ndogo. Kama kitovu cha gari kiko sentimita 52 kutoka ardhini na umekileta 49, uzito unaohama kwenda tairi za nje kwenye kona unapungua kwa kama asilimia 6. Unachokisikia mikononi unapopanda Kitonga, lile gari kugeuka mara moja bila kuinama kwanza, kinatoka zaidi kwenye ugumu wa springi na kwenye shokapu inayoweza kuitawala. Hapa nina maoni makali: mtu akiniambia ana fedha ya kitu kimoja tu, na shokapu zake ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani likiwa na umri wa miaka kumi na mitano, namwambia anunue shokapu mpya na aache springi. Gari lake litabadilika kuliko alivyotarajia.

Springi huhifadhi nguvu ya tuta na kuirudisha. Shokapu huimeza. Ugumu wa springi ukipanda kwa theluthi moja, shokapu inatakiwa iwe kali kwa takriban asilimia 15 zaidi ili gari litulie kwa kiwango kilekile. Hesabu hiyo inatokana na kipeuo cha pili cha ugumu mara uzito. Shokapu mpya ya kawaida inaweza kumudu hilo. Shokapu iliyochoka, iliyoanza kulia mafuta, haimudu, na juu ya hapo unailazimisha ifanye kazi katika sehemu ya chini ya mwendo wake muda wote. Kwenye rasta tairi litakuwa linadunda, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kayaba na wengineo hutengeneza shokapu zilizokusudiwa springi fupi. Zibadilishe pamoja, kazi ya kufungua ni ileile moja.

Sasa tuzungumzie msumeno. Utasikia kwenye gereji: "Bosi, tunakata koili moja tu, inakaa safi." Chukua springi yetu ya 350 yenye koili sita zinazofanya kazi. Ukikata moja, zinabaki tano na ugumu unapanda kwa asilimia 20, kutoka 3 hadi 3.6. Umepoteza kama milimita 55 za urefu, kwa hiyo gari linashuka karibu milimita 38. Akiba imebaki 42, na nguvu ya kugotesha imeanguka kutoka kilo 240 hadi kama 150. Umeshusha gari kuliko yule wa springi ya kiwanda, kwa ugumu mdogo kuliko wake. Kwa tuta la Chimala huo ni mchanganyiko mbaya kuliko wote.

Na hayo ni kabla ya kufikiria gari linapoinuka. Kumbuka shokapu inafunguka hadi nafasi ya milimita 330. Springi yenye urefu wa 295 ndani ya nafasi hiyo imelegea kwa milimita 35. Tairi likidondoka kwenye shimo refu, springi inatoka kwenye kiti chake, na hakuna anayejua itarudi imekaa vipi. Springi nzuri ya kushusha hukumbana na tatizo hilohilo, kwa kuwa nayo ni fupi, ila mtengenezaji amelitatua: koili chache za kichwani zimesukwa karibukaribu. Gari likisimama chini koili hizo zimefungana kabisa na hazifanyi kazi yoyote. Likiinuliwa zinafunguka na kuusukuma mwili wa springi ubaki kitini. Ukiona springi ya kushusha yenye koili zilizobanana upande mmoja, usidhani ni mbwembwe. Sehemu ile ndiyo inayokulinda. Springi iliyokatwa haina koili hizo, ncha yake haikai kwenye ngazi ya kiti, na kama fundi ametumia moto, chuma cha pale kimepoteza ule ugumu kilioupata kiwandani.

Jambo moja zaidi kuhusu waya wa springi, kwa wanaolinganisha kwa macho. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene. Waya wa milimita 13 badala ya 12 unaongeza karibu asilimia 38, vitu vingine vikibaki sawa. Jicho halioni milimita moja. Soma namba ya mtengenezaji, na hakikisha springi ni za chasisi yako hasa. Altezza ya chasisi GXE10 na ya SXE10 uzito wa injini si mmoja, na Impreza ya strati (shokapu na springi zilizofungwa pamoja kama mguu mmoja) haiwezi kuazima kutoka kwa gari la wishiboni (tairi linaloshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini).

Kufunga mwenyewe nyumbani kunawezekana. Anza kwa kupima, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka: kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Legeza nati za rimu kabla ya kuinua, kata mwendo kwa mawe nyuma ya tairi zinazobaki chini, inua, kisha laza gari kwenye stendi za chuma. Usiingize hata kiganja chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Uani kwenye udongo, hasa masika, weka ubao mpana mgumu chini ya kila stendi. Udongo wa kwetu ukilowa unameza chuma polepole bila kutoa sauti.

Nitumie Impreza ya miaka ya 2000 hadi 2007, kwa kuwa ina strati kona zote na imejaa hapa mjini. Toa tairi. Fungua mabano ya bomba la breki na waya wa ABS kwenye strati, la sivyo utavikata ukidhani vimekwama. Kati ya bolti mbili za chini zinazoshika strati na habu, ya juu upande wa mbele ni ya kurekebisha kemba, yaani tairi kuinama ndani au nje kwa juu. Ichore alama kwa rangi mahali ilipo kabla ya kuigusa. Ukishatoa bolti, habu itataka kulala nje. Ifunge kwa waya kwenye bodi, isije ikaning'inia kwenye bomba la breki au kuvuta ekseli itoke kwenye kikombe chake. Kisha mtu mmoja ashike strati kwa chini, mwingine afungue nati tatu za juu ndani ya boneti. Kamwe usiguse ile nati kubwa ya katikati wakati huu.

Nati hiyo ya katikati ndiyo inayoizuia springi isiruke, na hapa ndipo watu huumia. Springi yetu ya kilo 3, ikibanwa milimita 100, imehifadhi nguvu ya jouli 147. Ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 uliodondoka kutoka sentimita 30, isipokuwa springi inaitoa yote kwa kufumba na kufumbua, kuelekea popote palipo wazi. Tumia vibana viwili vya springi, vizima, visivyopinda, vyenye nyuzi zilizopakwa grisi. Viweke pande mbili zinazotazamana, vishike koili nyingi iwezekanavyo. Kaza kwa mkono, mizunguko michache huku, michache kule, ukihakikisha springi haipindi. Usitumie mashine ya upepo. Elekeza kichwa cha strati ukutani, mbali na uso wako na mbali na watoto. Endelea mpaka springi ianze kucheza ndani ya viti vyake; ukiweza kuizungusha kwa mkono, mzigo umeiachia nati. Hapo tu ndipo uifungue nati, ukizuia fimbo ya shokapu isizunguke. Kama huna vibana vya uhakika, peleka strati nne kwa fundi mwenye mashine ya kubana springi, lipa kazi hiyo ndogo, urudi nazo nyumbani umalizie. Hakuna aibu yoyote.

Piga picha mpangilio wa vitu vya juu kabla ya kuvitoa: mauntingi, beringi, kiti cha mpira, kava la vumbi. Mpira wa kugotea uangalie vizuri. Ukiwa umemumunyika, badilisha. Watengenezaji wengine wa springi wanaelekeza uukate kiasi fulani, wengine wanakataza. Fuata karatasi iliyokuja na springi yako, kwa sababu mpira huo sasa utafanya kazi mara nyingi kuliko zamani. Springi mpya huwa na maandishi. Kwa kawaida yakisomeka wima, springi iko wima. Zungusha mpaka ncha yake ya chini iguse ngazi ya kiti. Rudisha mauntingi, kaza nati, ndipo ulegeze vibana kwa mpango uleule wa kupokezana.

Kuna hatua ambayo gereji nyingi huiruka. Bushi za mkono wa chini ni mpira uliogandishwa kwenye chuma pande zote mbili, haziteleze, zinajisokota. Zikikazwa wakati tairi linaning'inia, gari likishuka chini zinabaki zimesokotwa muda wote, na baada ya muda zinachanika. Kwa hiyo legeza bolti za mikono, shusha gari likanyage tairi zake juu ya mbao imara, lisukumesukume litulie, kisha ndipo ukaze mwisho kwa spana ya toki kulingana na kitabu cha gari. Ukifanya hivyo hata linki za stabilaiza zitapata kukaa mahali pake papya.

Kesho yake nenda alaimenti. Usiseme usukani umenyooka. Gari likishuka, pembe za mikono zinabadilika. Kwenye wishiboni kama ya Altezza tairi huinama ndani kwa juu kuliko kwenye strati, lakini kemba peke yake si muuaji mkubwa wa matairi. Muuaji ni tairi kutazama pembeni, ndani au nje, kutegemea tairodi (fimbo zinazogeuza tairi kutoka kwenye usukani) zilivyokaa. Tairi lililokosea kwa nusu digrii linaburutwa ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Ni kama kuliburuta tairi kwa ubavu kilomita mbili na nusu. Utakuta mpya kwa nje na nyuzi zimetokeza kwa ndani, mahali usipotazama.

Taa pia. Nyuma ikishuka kuliko mbele, mwanga unapanda na kumpofusha dereva wa lori anayetoka Tunduma. Kwenye magari yenye taa za zenoni zinazojirekebisha, kuna kihisi kwenye mkono wa nyuma. Kikiona gari limelala kinadhani umebeba mzigo, kinazishusha taa, na unaendesha ukiona mita chache tu. Pima taa ukutani kabla ya safari ya usiku.

Springi mpya hulala kidogo zaidi katika kilomita mia chache za mwanzo. Baada ya hapo rudia vile vipimo vya rimu na fenda. Pande mbili za ekseli moja zikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, kuna springi haijakaa kwenye ngazi yake. Kaza tena bolti, rudi alaimenti mara ya pili, na kagua rangi ya springi baada ya masika, maana jiwe likichubua rangi, kutu huanzia hapo na ufa hufuata.

Na springi za asili zifunge kwenye gunia, uandike mbele na nyuma, kushoto na kulia, uziweke. Iringa, mji uliozoea mbio za magari, unajua hili vizuri: gari la rali hushushwa kwa ajili ya lami na kunyanyuliwa kwa ajili ya changarawe, gari lilelile. Ukihamishiwa kazi Makete au ukianza kwenda shamba kila Jumamosi, utazihitaji.